Pesa ya mkalimani wa lugha ya alama chuoni: ihesabiwe vipi, iombwe lini, ilipwe na nani (uzi)

MtunzaKasma (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za kazi. Uzi huu ni wa maofisa wa vitengo vya mahitaji maalumu, wahasibu wa vyuo, wakalimani, na wanafunzi viziwi wenyewe. Kila muhula wa kwanza ukianza kilio ni kilekile: kiziwi kapata udahili, karipoti, ratiba imetoka, mkalimani hayupo kwa sababu "hakuna fungu". Mwanafunzi anakaa wiki nne, tano, anatazama mdomo wa mhadhiri na kunakili daftari la jirani. Jaribio la kwanza linamfikia kabla ya mkalimani.

Kwa Tanzania chanzo kikubwa ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na makisio ya chuo yanakusanywa kutoka vitengoni miezi mingi kabla ya hapo. Dirisha la udahili linafunguliwa Julai hiyohiyo na majina yanatulia karibu na Oktoba. Kwa hiyo siku unayojua kwamba kiziwi anakuja, bajeti imekwisha kufungwa. Ofisa anayesubiri jina la mwanafunzi ndipo aombe pesa amechelewa mwaka mzima.

Dawa ni kukisia kabla. Wanaoendelea unawajua: fulani mwaka wa pili, fulani wa tatu, kozi zao zimo kwenye mtaala. Waweke kwa saa kamili. Kwa wapya weka akiba ya darasa moja au mawili kulingana na waliopokewa miaka mitatu iliyopita. Kama kozi zenu huwavuta vijana kutoka sekondari zinazopokea viziwi, pigia simu walimu wa shule hizo mwezi Januari uulize kidato cha sita wako wangapi na wanapenda kusoma nini. Simu tatu zinatosha.

La pili ni kasma, yaani mstari wa bajeti. Mkalimani akichomekwa kwenye posho na honoraria (malipo ya shukrani), siku ya kupunguza matumizi yeye ndiye wa kwanza kukatwa, kwa sababu posho ndiyo inayokatwa kwanza. Ombeni mstari wake wenyewe chini ya kitengo, kwa jina linaloeleweka: huduma za ukalimani wa lugha ya alama. Mstari wenye jina ni mgumu kuufuta, maana anayeufuta itabidi aseme anafuta nini.

Wenye uzoefu wa saa na viwango, karibuni.

---

MikonoMiwili

Asante Mkuu kwa kuanza na kalenda. Nashika upande wa saa, maana hapo ndipo makisio mengi yanapoharibika.

Makosa ya kawaida ni haya. Mhasibu anaangalia ratiba, anaona mwanafunzi ana vipindi vya saa 15 kwa wiki, muhula una wiki 15, anazidisha: saa 225. Tuweke kiwango cha mfano cha shilingi 15,000 kwa saa ili hesabu isomeke (kila mmoja aweke cha kwake). Anapata 3,375,000, anaandika, anapeleka.

Sasa hesabu ya kweli kwa mwanafunzi huyohuyo, kozi 5, kila kozi mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1.

Mihadhara ni saa 10 kwa wiki. Mhadhara wa saa mbili hauwezi kubebwa na mkalimani mmoja. Wanakuwa wawili, wanabadilishana kila baada ya dakika 15 hadi 20, na asiyekalimani hapumziki: anamsikilizia mwenzake, anamrushia neno lililompita, anaandika majina na tarakimu. Kwa hiyo saa 10 za darasa ni saa 20 za mkalimani. Semina za saa moja anaweza kubeba mmoja kama kundi si kubwa: saa 5. Nje ya darasa, yaani kazi za vikundi, kumwona mhadhiri ofisini, maktaba, weka saa 3. Jumla 28. Maandalizi, saa 1 kwa kila saa 4 za kazi, ni 7. Wiki moja inakula saa 35.

Mara wiki 15 ni saa 525. Ongeza majaribio mawili kwa kila kozi, saa 10. Mitihani ya mwisho, karatasi 5 za saa 3, saa 15. Inafika 550. Weka dharura asilimia 10, yaani 55. Saa 605 kwa muhula. Kwa kiwango chetu cha mfano ni 9,075,000, na mwaka mzima 18,150,000.

Linganisha na ile 3,375,000. Zile saa 225 zinakwisha katikati ya wiki ya 7. Ndiyo maana wakalimani "wanapotea" katikati ya muhula na chuo kinadhani wamekosa uaminifu. Hawakupotea, saa zao zimekwisha.

Wale wanaosema mmoja anatosha kwa sababu "anajua sana": baada ya kama nusu saa ya mfululizo ubongo unachoka kabla ya mikono. Mkalimani mwenyewe hajui kama ameanza kuruka sentensi, na kiziwi hajui kilichorukwa. Hakuna wa kulalamika, kwa hiyo kwenye karatasi huduma inaonekana nzuri. Matokeo yanakuja kuonekana kwenye sapu, mitihani ya marudio. Na mikono nayo ina mwisho wake: misuli ya kiwiko na kifundo inaumia kidogokidogo, mkalimani mzuri anaacha kazi, mnabaki kutafuta mwingine.

---

KijanaWaMbalizi

Shikamooni wakubwa. Swali la moja kwa moja. Bodi ya Mikopo inaweza kumlipa mkalimani? Kuna mwanafunzi anaambiwa achangie kutoka kwenye bumu lake, ile fedha ya mkopo ya kujikimu.

---

MtunzaKasma

Marahaba kijana. Vipengele vya mkopo ni ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Mkalimani hayumo. Na usidanganywe na neno "mahitaji maalumu ya kitivo": hayo ni vifaa vya kozi, kama vya maabara au uchoraji, hayahusu ulemavu.

Fomu ya ulemavu inayothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa ijazwe kikamilifu na iambatishwe, kwa sababu inasaidia katika upangaji wa mkopo. Ila isikufanye udhani umeshapata mkalimani. Ni mambo mawili tofauti, na barua ya kuomba mkalimani inakwenda chuoni.

Kuhusu bumu, mwambie asikubali. Fedha ya chakula na malazi tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa kiwango cha mfano alichotumia MikonoMiwili, siku nzima ya kula na kulala haifikishi hata saa moja ya mkalimani mmoja. Halafu ni mkopo. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi uishe. Kiziwi akilipia mkalimani kwa mkopo, anamaliza chuo na deni kubwa kuliko aliyekaa naye dawati moja, kwa somo lilelile. Hilo ni kosa la msingi, na anayependekeza mkopo uongezewe kipengele cha mkalimani anatibu jipu kwa kulifunika.

Gharama hii ni ya chuo, na nyuma ya chuo Serikali. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, kifungu cha 24 aya ya 5 kinataja elimu ya juu waziwazi na kuitaka nchi ihakikishe marekebisho stahiki. Kifungu cha 2 kinasema kunyima marekebisho hayo ni ubaguzi. Kifungu cha 9 kinataja wakalimani wa lugha ya alama kwa jina. Hapa nyumbani ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kwenye barua mtaje vifungu hivi, msiishie kwenye "tunaomba msaada wenu".

---

BiMahitaji

Nimekuja na jambo ambalo linaokoa pesa kuliko lolote lililoandikwa hapo juu: gharama inafuata darasa, haifuati kichwa.

Chukua hesabu ya MikonoMiwili. Viziwi watatu wakiwa kozi moja, mihadhara ni zilezile saa 20 za wakalimani. Wakiwa kundi moja la semina, saa 5 zilezile. Kinachoongezeka ni nje ya darasa, 3 mara 3, saa 9. Jumla 34, maandalizi 8.5, wiki nzima 42.5. Kama kila mmoja angehesabiwa peke yake ingekuwa 105.

Mfumo wa ratiba hauna habari na hilo. Unawagawa kwenye semina kwa alfabeti au kwa namba ya usajili, kila mmoja kundi lake. Semina zinakuwa saa 15 badala ya 5, na wiki inapanda hadi saa 55. Tofauti ya saa 12.5 mara wiki 15 ni 187.5. Kwa kiwango cha mfano ni 2,812,500 kwa muhula, inayookolewa na mratibu wa ratiba kuhamisha majina mawili kabla wiki ya kwanza haijaanza. Barua pepe moja.

Tahadhari hapa, na ninaisema kwa uzito. Kuwapanga semina moja ni sawa. Kuwalazimisha wasome shahada moja ili chuo kibane matumizi si sawa. Viziwi wengi wamesukumwa kwenye ualimu wa elimu maalumu kwa sababu "huko wakalimani wapo". Anayetaka uhasibu asome uhasibu.

Pia ulizeni kwanza. Si kila asiyesikia anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Aliyepoteza usikivu ukubwani anaweza kuhitaji maandishi ya papo hapo au kifaa cha usikivu, na mkalimani kwake ni pesa iliyopotea. Fomu ya usajili isiishie kwenye "ulemavu: usikivu". Iwe na mstari wa pili: unawasilianaje darasani?

---

MwlKaratu

BiMahitaji umenena. Niongeze la mwandika noti, maana linasahaulika kwenye makisio yote. Macho ya kiziwi yako kwenye mikono ya mkalimani. Akiinamisha kichwa kuandika sentensi moja, sentensi mbili zimempita. Lazima awepo mtu wa kuandika noti, na mwanafunzi mwenzake wa darasa anafaa, kwa malipo madogo ya muhula na makubaliano kwamba noti zinatolewa siku hiyohiyo. Mkitegemea urafiki, noti zinakuja siku mbili kabla ya mtihani.

Ukumbi wenyewe sasa. Mhadhiri anawasha projekta, mtu anazima taa, mikono ya mkalimani inamezwa na giza. Taa ndogo ya mezani iliyoelekezwa kwenye kifua na mikono inatatua. Mkalimani asimame pembeni mwa skrini, upande mmoja na mhadhiri, ili jicho lifike kwenye slaidi na kwenye mikono bila kugeuza shingo. Avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake. Mwanafunzi akae safu ya mbele, asiwekwe "mbele kabisa pembeni" anapotazama kwa kukunja shingo saa mbili. Mhadhiri akionyesha jedwali anyamaze sekunde kumi ndipo aanze kulieleza, kwa sababu jedwali na mikono havisomwi kwa pamoja.

Slaidi zimfikie mkalimani saa 48 kabla. Hapa ndipo zile saa 7 za maandalizi zinapotetewa mbele ya mhasibu. Neno kama "photosynthesis" lina herufi 14. Likitajwa mara ishirini ndani ya kipindi na halina alama, mkalimani analitahajia kwa vidole mara ishirini huku mhadhiri ameshafika mbali. Akiliona jana yake, anakubaliana na mwanafunzi alama ya muda, wanairekodi kwa simu. Rekodi hizo zikusanywe mahali pamoja, kila kozi na faili lake. Bila hivyo mkalimani wa Jumatatu ana alama yake ya "mahitaji ya soko", wa Alhamisi ana nyingine, na mwanafunzi anadhani amefundishwa dhana mbili.

Na lugha ya kufundishia. Chuo kikuu mhadhara ni wa Kiingereza. Wakalimani wengi wazuri wamekulia kwenye Kiswahili: mikutano, ibada, taarifa ya habari. Mtu anaweza kuwa hodari kanisani akazama kwenye mhadhara wa takwimu. Usaili usiwe mazungumzo ya kupimana. Mchezeshe dakika 10 za mhadhara halisi wa kozi husika, kiziwi wa mwaka wa pili au wa tatu akae mbele yake, halafu huyo kiziwi aeleze alichoelewa. CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) wanaweza kuwapatia watu wa kukaa kwenye jopo hilo. Kamwe msiajiri mkalimani kwa jopo la wanaosikia tupu.

---

NairobiKSL

Salamu kutoka ng'ambo ya Namanga. Huku Kenya sheria tumepewa kwa wingi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2025 tumepata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003.

Lakini pesa ya mkalimani chuoni bado inategemea chuo chenyewe. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unampima mwanafunzi kwa hali ya familia, kisha unampa ufadhili na mkopo wa kugharimia kozi na kujikimu. Saa za mkalimani hazionekani katika gharama ya kozi, kwa sababu kozi ni ileile kwa kiziwi na kwa anayesikia. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina msaada wa masomo kwa waliosajiliwa, nao husaidia zaidi upande wa karo. Kwa hivyo ushauri wangu kwa mzazi: jisajilini na Baraza mapema, mpate kadi, muombe karo huko. Karo ikitulia, mna nguvu ya kukibana chuo juu ya mkalimani. Msiombe kila kitu mahali pamoja.

Taasisi kama ile ya kiufundi ya viziwi ya Karen ina faida kubwa hapa: mwalimu mwenyewe anafundisha kwa ishara, hivyo hesabu ya wakalimani inashuka sana. Kijana anayetaka stadi za kiufundi aifikirie kabla hajakataa.

---

BoraElimu_Kla

Uganda kuna funzo moja tu la kuongeza. Vyuo vikuu vya umma vina nafasi 64 kwa mwaka zilizotengwa kwa wanafunzi wenye ulemavu chini ya ufadhili wa Serikali. Namba ikishatengwa, chuo kinaweza kupanga kabla ya kujua majina. Na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha ukalimani wa lugha ya alama kwa ngazi ya diploma, hivyo wakalimani wanazalishwa ndani ya chuo kilekile kinachowahitaji. Nchi isiyo na kozi hiyo inagombania wakalimani walewale wachache kila Oktoba.

---

Mzizima_Leeds

Nimesoma hesabu zenu, nikaona niweke ya Uingereza ili asiwepo anayedhani huku tatizo limekwisha.

England ina posho ya wanafunzi wenye ulemavu. Si mkopo, hairudishwi, haiangalii kipato cha familia. Kikomo cha 2025/26 ni pauni 27,783 kwa mwaka, na hicho kikomo ni kimoja kwa wote, awe anahitaji programu ya kompyuta tu au wakalimani wawili kila siku. Piga kwa pauni 50 kwa saa, ya mfano: saa 555. Gawa kwa wawili: saa 277 za darasa. Kwa saa 15 za wiki hazifiki wiki 19. Kilichobaki kinaangukia chuo, chini ya Sheria ya Usawa ya 2010 inayokidai marekebisho stahiki. Kikomo kilichopangwa bila kuhesabu saa za mkalimani kinamuumiza kiziwi hata kikiwa kikubwa kwa wengine. Mkija kuandika mwongozo huko nyumbani, wekeni saa, msiweke kiasi cha pesa.

Kwa Mtanzania au Mkenya kiziwi anayekuja kusoma huku: posho hiyo kwa kawaida si ya wanafunzi wa kimataifa. Mzigo wote ni wa chuo. Kiandikieni kabla ya kukubali nafasi, mpate jibu la maandishi linalotaja saa. Na lugha ya alama ya Uingereza si ya Tanzania, alfabeti yake ya vidole ni ya mikono miwili. Mwanafunzi atahitaji miezi ya kujifunza kabla mkalimani hajamfaa kitu. Marekani nako chuo ndicho kinacholipa, chini ya Sheria ya Urekebishaji ya 1973 na Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990, na hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi.

---

MikonoMiwili

Turudi kwenye mikataba, maana pesa ikipatikana ndipo matatizo mapya yanaanza.

Mkalimani wa kulipwa kwa saa anatakiwa awe na TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Jina moja likipishana, malipo yanarudi. Aambiwe mapema kwamba kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa kwenye malipo ya huduma: 15,000 inamfikia 14,250. Asiyeambiwa anadhani ameibiwa. Ununuzi wa huduma kwenye taasisi za umma unapita NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo wakalimani wasajiliwe Agosti, msingoje darasa lianze.

Karatasi ya saa iwe fupi: tarehe, kozi, ukumbi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi ya mwanafunzi kiziwi na ya mwakilishi wa darasa. Msidai sahihi ya mhadhiri. Anaondoka ukumbini kabla mkalimani hajashusha mikono, karatasi inabaki wazi, mhasibu anaikataa. Zikusanywe kila Ijumaa na zilipwe kila mwezi. Malipo ya mwisho wa muhula yanawafukuza wazuri, maana nauli ya daladala inalipwa kila siku.

Kipindi kikifutwa bila taarifa ya saa 24, mkalimani alipwe. Alikataa kazi nyingine kwa ajili yenu. Kifungu hiki kikikosekana, wiki mbili za kwanza ambazo wahadhiri wanaingia na kutoka ndizo zinazowakimbiza.

Kwenye mtihani mkalimani anakalimani maelekezo na matangazo ya msimamizi. Swali linasomwa kama lilivyo, halifafanuliwi. Msimamizi apewe maelezo kwa maandishi kabla, vinginevyo ama atamtoa mkalimani nje, ama atamwacha aeleze jibu.

---

KijanaWaMbalizi

Asanteni sana. Na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo? Kuna wa ualimu anapangiwa mkoa mwingine kabisa.

---

MtunzaKasma

Hapo kuna shimo ambalo wengi hawalioni. Fildi kwa vyuo vingi inaangukia Julai hadi Septemba. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha umefungwa. Kwa hiyo fildi ya mwanafunzi wa mwaka huu wa masomo inalipwa na bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Ukiiweka pamoja na muhula wa pili, pesa itakuwa imerudi au imehamishwa. Iandike peke yake, katika makisio ya mwaka mpya, robo ya kwanza. Na fedha za Julai huchelewa kufunguka, basi omba kibali cha safari mapema ili chuo kisingoje.

Gharama yake ni tofauti na ya darasani: nauli kwenda na kurudi, malazi, posho ya kujikimu, halafu saa. Kwa wiki 8 malazi yanaweza kuzidi saa. Njia ya nafuu ni kumpanga mwanafunzi kwenye shule au ofisi iliyo karibu na mkalimani anayepatikana, au shule yenye kitengo cha viziwi kama mwenyewe anaridhia. Afisa wa fildi apewe orodha ya viziwi kabla hajagawa vituo, maana akishagawa kubadilisha ni vita.

Karatasi zote za saa za Mei na Juni ziwe kwa mhasibu kabla ya katikati ya Juni. Zinazofika Julai zinageuka madeni, na deni la mkalimani linaweza kukaa mwaka.

---

MwlKaratu

Kwa wanaouliza kuhusu mkalimani wa mtandaoni: inafaa kwa kikao cha dakika 30 na mhadhiri. Kwa mhadhara wa watu 300, simu iliyowekwa mezani inanasa viti na kikohozi. Mhadhiri avae maikrofoni ya shati inayoingia moja kwa moja kwenye simu au kompyuta. Kadirieni GB 1 kwa saa ya video, yaani GB 225 kwa muhula wa saa 15 kwa wiki, na intaneti ya chuo isitegemewe saa nne asubuhi wakati kila mtu yuko hewani. Video ikiganda sekunde tano, kiziwi amekosa sentensi nzima. Iwe njia ya akiba.

---

BiMahitaji

Naweka kiini cha barua, kila mmoja abadilishe namba zake:

"Kitengo kinaomba saa 605 za ukalimani wa lugha ya alama kwa muhula wa kwanza, kwa darasa moja lenye mwanafunzi kiziwi mmoja. Saa 525 ni za kufundishia, kazi nje ya darasa na maandalizi kwa wiki 15, mihadhara ikibebwa na wakalimani wawili. Saa 25 ni za majaribio na mitihani. Saa 55 ni za dharura. Ratiba ya kozi imeambatishwa. Kitengo kinaomba kasma ya kudumu ya huduma hii, kwa kuzingatia kifungu cha 24 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Bila kibali kabla ya wiki ya kwanza, mwanafunzi atakosa vipindi 10 kila wiki."

Ile sentensi ya mwisho msiiondoe. Ambatisheni ratiba yenyewe, vipindi vya kiziwi vikiwa vimepigwa rangi. Mjumbe wa kamati akiona wiki nzima imepakwa njano hahitaji kuelezwa tena wakalimani wawili ni wa nini.

---

KijanaWaMbalizi

Swali la mwisho. Mwaka wa tatu anatetea utafiti wake mbele ya jopo. Ni saa moja tu. Mmoja anatosha?

---

MikonoMiwili

Wawili, kijana. Pale sauti ya mkalimani ndiyo sauti ya mtahiniwa. Mmoja anamtolea sauti anapowasilisha, mwenzake anamletea maswali ya jopo. Wasome utafiti wote siku tatu kabla na wafanye mazoezi na mwenye kazi angalau mara moja: weka saa 2 za kikao, 4 za maandalizi, 2 za mazoezi. Jumla 8. Na mwenyekiti wa jopo amwangalie mwanafunzi anapouliza, asimwangalie mkalimani.